Gari la Harusi: Breki Kwanza, Rimu Baadaye



Kila unapokaribia Mfungo Mosi, maswali ya harusi hutujia kwa wingi. Zamani tukiulizwa hina ipi hukolea vizuri, singo gani haitoi vipele, na vitu vya sanduku vinunuliwe wapi. Siku hizi kuna swali jengine ambalo hatukulitarajia, nalo ni la gari. "Tuna Crown ya baba ya zamani, tuifanye nini ipendeze siku ya harusi?" Mwengine ana Mark X ya kaka yake. Mwengine ana Mercedes-Benz ya ami yake iliyolala chini ya mwembe miaka miwili, na anataka imtoe kwao siku hiyo.

Tumewajibu mmoja mmoja, leo tunajibu kwa pamoja. Maoni yetu ni haya: gari la kifahari lililozeeka ni neema, na si aibu hata kidogo bi harusi kulipanda. Lakini pesa ya kulitengeneza ianzie mahali pasipoonekana, yaani kwenye tairi, breki, rejeta na bushi. Kikibaki kitu ndipo tuzungumze rimu na rangi. Tunajua wengi wenu hamtalipenda jibu hili. Na sisi hatukulipenda tulipoambiwa mara ya kwanza.

Crown ya baba

Mama yetu ana Crown Royal Saloon ya mwaka 2005, nyeupe. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliinunua ikiwa imetumika Japani, ikashushwa bandarini Malindi, na tangu siku hiyo ikawa kama mtoto wake wa mwisho. Kila Ijumaa asubuhi akiiosha kwa mkono wake kabla ya kuoga na kwenda msikitini. Alipofariki gari likabaki uani, likiwashwa mara moja moja kwenda Darajani au hospitali.

Mdogo wetu wa mwisho alipoposwa, kaka zetu wakachangishana milioni mbili na laki nne ili Crown ya baba imtoe bi harusi. Wakaandika orodha: rimu za inchi 19, tinti, redio ya kioo kikubwa, rangi mpya bodi zima, na vitaa vya buluu vya chini. Bi harusi akaipenda orodha hiyo, akawatumia mashoga zake picha za rimu kabla hazijanunuliwa. Gereji moja ikasema siku tatu tu kazi imekwisha.

Mama akakubali, ila kwa sharti. Alitaka kwanza gari litazamwe na fundi wa Mwanakwerekwe aliyekuwa akilishughulikia enzi za baba. Tukalipeleka. Fundi akalinyanyua, akafungua tairi moja moja, kisha akamwita mama asogee aone kwa macho yake. Paipu ya mpira ya breki ya mbele ilikuwa imepasuka nyufa nyufa kama udongo wa kiangazi. Pedi za nyuma zilibaki nyembamba kama biskuti. Juu ya rejeta kulikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, alama ya maji yanayovuja kidogo kidogo. Tairi zilikuwa na kashata nzuri tu, lakini ubavuni zilisomeka namba nne: 1411. Maana yake zilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2011.

"Mama," alisema fundi, "gari linawaka na linakwenda. Mimi naogopa pale mtakapotaka lisimame."

Nyumbani hapakukalika. Kaka yetu mkubwa alisema watu watalitazama gari, hakuna atakayeinama kutazama paipu. Bi harusi akalia. Sisi tulikuwa katikati, maana na sisi tulishajiona kwenye picha. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema maneno machache: "Baba yenu asingempakia mwanawe kwenye gari lile." Basi.

Milioni moja na laki saba zikaingia chini ya gari. Kilichobaki kililipia kusugua rangi ya zamani ikang'ara, kusafisha viti na kununua misumari mipya ya vibao vya namba. Asumini tulitunga wenyewe. Siku ya harusi, tulipokuwa tunatoka, tulimsikia jamaa mmoja wa kike akiuliza kama marehemu hakuacha hata pesa ya rimu. Tusidanganyane, maneno yale yalituchoma.

Na njiani hakikutokea chochote. Hakuna mtoto aliyekatiza mbele, hakuna breki iliyokatika, gari halikuchemka. Tulifika, tukashuka, mdogo wetu akaingia ndani. Kaka bado anasema tungeweza kufanya vyote viwili. Huenda. Lakini pesa ilikuwa moja, na karibu kila anayetuuliza swali hili pesa yake pia ni moja.

Kwa nini magari haya yanadanganya

Toyota wametengeneza Crown tangu mwaka 1955, na ile iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2003 ndiyo iliyojaa sana kwetu. Sifa yake, kama Mark X na kama Mercedes-Benz za umri wake, ni utulivu. Ukifunga mlango, kelele za nje zinabaki nje. Ukipita kwenye shimo, mwili hauhisi sana. Na hapo hapo ndipo mtego ulipo. Gari limetengenezwa lisikusumbue, kwa hiyo linakuficha maradhi yake pia. Kwenye gari dogo bushi ikifa utasikia inagonga tangu asubuhi. Kwenye Crown utaendelea kusikiliza kaswida zako hadi siku fundi atakapokuambia hakuna bushi tena, kuna chuma kwa chuma.

Jengine ni mita. Muuzaji atakuambia gari limetembea kidogo, halijafika hata kilomita laki moja. Kwanza, mita inaweza kurudishwa nyuma. Magari yanayopitia minada ya Japani huwa na karatasi ya mnada yenye daraja la gari, kilomita na mchoro wa sehemu zilizogongwa au kupigwa rangi. Iombeni. Pili, hata mita ikiwa ya kweli, mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Paipu, bushi, mikanda ya injini, mipira ya milango na tairi vinazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Gari la miaka ishirini lililotembea kidogo bado lina mpira wa miaka ishirini, kama haujabadilishwa.

Tatu ni kisiwa chetu. Hewa ina chumvi, jua ni kali, unyevu haupungui, na mvua za masika zinaacha madimbwi yanayolowesha chini ya gari siku nzima. Kutu huanzia pasipoonekana: ndani ya matao ya tairi, chini ya zulia la buti, chini ya betri, kwenye kingo za chini za milango. Ukiona rangi imetoa malengelenge, jua kutu imeshakula kutoka ndani. Rangi mpya juu yake inakwenda miezi michache tu kabla malengelenge hayajarudi.

Pesa ianzie wapi

Huu ndio mpangilio tunaowapa wanaotuuliza. Kateni, muuweke kwenye mkoba.

Kwanza, tairi. Someni namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Watengenezaji wengi wa tairi wanashauri tairi isipitishe miaka kumi, hata kashata zikiwa bado nzuri, na ikishafika mitano iwe inakaguliwa kila mwaka. Na muwe macho na tairi za mtumba. Zinang'arishwa kwa dawa nyeusi zikaonekana mpya, lakini namba hazifutiki. Msisahau tairi ya akiba, na jeki.

Pili, breki. Waambieni fundi akaguwe pedi, diski na paipu za mpira, na abadilishe mafuta ya breki kama hakuna anayekumbuka yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani. Yakishafyonza, breki zikipata moto sana maji yale huchemka, na mguu utakanyaga hadi chini bila ya gari kushika. Kwa desturi hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na katika hewa ya kwetu hatuoni sababu ya kuchelewesha.

Tatu, kupoza injini. Rejeta za magari haya zina vichwa vya plastiki, na plastiki ikizeeka hupasuka. Maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi, yanaacha ukoko ndani kama ule wa birika. Tieni maji maalumu ya rejeta, ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Msafara wa harusi ndio mtihani mkubwa kwa rejeta mbovu: mwendo wa kobe, kiyoyozi juu, jua la saa kumi. Mshale wa joto ukianza kupanda, zimeni kiyoyozi, fungueni hita hata kama mtatoka jasho, egesheni pembeni, zimeni injini. Na kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Maji yale yakiruka hutoa ngozi ya uso.

Nne, bushi, boljointi, shokapu na stelingi. Gari likivuta upande mmoja, likila tairi upande wa ndani au likiyumba baada ya tuta, halitaki rimu mpya, linataka kazi ya chini. Likishatengenezwa, lipelekwe kupimwa magurudumu yakae sawa, la sivyo tairi mlizonunua zitaisha kabla ya mwaka.

Tano, mifuko ya hewa, na hapa tunaomba msome polepole. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza vifaa vya kupulizia mifuko ya hewa vilivyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya makampuni mengi, ya Kijapani na ya Kijerumani pia, mengi yao ya miaka ya 2000. Ndani yake mlikuwa na kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikiharibika, mfuko ukifumuka chombo chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni na kifuani mwa aliyekaa mbele. Watu wamekufa Marekani, Malaysia na kwengineko, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hali yetu hapa Unguja na Pemba. Hatusemi kwamba gari lako lina kifaa hicho. Tunasema chukua namba ya chesisi, iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji au mtume mtu akuangalizie kwa wakala wake, ujue kama gari liliitwa kutengenezwa na kama lilitengenezwa. Haichukui muda mrefu.

Sita, oili na hewa ya injini. Injini za V6 za Crown na Mark X za wakati ule hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zina nguvu na utulivu, lakini masizi hukusanyika kwenye valvu, hasa kwa gari linalokwenda safari fupi fupi za mjini kama tulivyo sisi. Sisi tunabadilisha oili kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kitakachotangulia. Na giaboksi pia ina oili yake ya aina maalumu. Akija fundi anayetia aina yoyote aliyonayo kwenye dumu, mwambieni asante na mwende kwa mwengine.

Mapambo gani tunayakubali

Hatusemi gari libaki kama lilivyotoka mnadani. Kuna mabadiliko yanayofaa.

Kiyoyozi kwetu hatukihesabu kuwa anasa. Bi harusi amevaa tabaka tatu, uso umepambwa, pembeni yake ameketi somo aliye mtu mzima na mapigo yake ya moyo. Kitengenezeni. Ila gesi ikiisha kila mwezi, msiongeze tu gesi, tafuteni inapovuja.

Taa zilizopauka na kuwa za manjano zisugueni zirudi kuwa wazi, maana usiku zinapunguza mwanga sana. Lakini msitie balbu kali za kubahatisha kwenye taa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mwanga unasambaa ovyo na kumpofua anayekuja mbele yenu.

Redio mpya yenye kamera ya nyuma ni msaada mkubwa kwa gari refu kama Crown katika vichochoro vyetu vyenye watoto. Hapo tunasema ndiyo, kwa sharti nyaya zifungwe na fundi umeme anayejua kazi yake. Nyaya zilizounganishwa kwa kupinda na kufungwa utepe zimechoma magari.

Tinti tunaielewa kwa sababu ya sitara. Bi harusi aliyepambwa hataki kutazamwa na kila aliyekaa barazani. Basi iwekwe vioo vya nyuma, au tundikeni pazia jepesi siku hiyo. Kioo cha mbele na vya ubavuni mwa dereva viacheni wazi, kwani msafara mara nyingi unarudi usiku.

Usukani wa fasheni tunaukataa moja kwa moja. Ukiuondoa usukani wa asili umeondoa na mfuko wa hewa wa dereva. Vilevile vifuniko vinene vya viti vinavyoziba mfuko wa ubavuni, na mapambo mazito yaliyogandishwa juu ya dashibodi ya abiria. Mfuko ukifumuka, pambo lile linakuwa jiwe.

Na rimu kubwa? Gari lililokuja na rimu za inchi 16 likivishwa za 19, mpira wa tairi unabaki mwembamba kama ukanda. Kila shimo linapiga rimu yenyewe, na utulivu ule ulioulipia unapotea. Ukiwa na uwezo na unazipenda, nunua rimu halisi za saizi iliyo karibu na ya asili. Hiyo ni mali yako. Zisije tu kabla ya breki.

"Lakini harusi ni mara moja"

Hoja hii tunaisikia kila siku, na haifai kupuuzwa. Uzuri si haramu. Dini yetu inapenda usafi na umaridadi, na kutangaza ndoa ni jambo jema. Mama mzazi aliyelea binti kwa tabu ana haki ya kutaka atoke kwao kwa heshima. Kuna na maneno ya watu, ambayo kisiwani kwetu hayafi upesi. Anayesema hayajali, tunamshangaa.

Tunachokipinga ni israfu inayovaa nguo ya heshima. Tumeona kijana akikopa kwa riba ili gari ling'are kwa saa nne, kisha ndoa changa ikaanza na marejesho ya kila mwezi. Bi harusi hakujua mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa na pesa ya maziwa ikawa haipo. Pambo lililoletwa na riba halina baraka ya kumfaa mtu. Kama rimu haziji ila kwa mkopo huo, basi zisije.

Na tawakkul nayo ina adabu yake. Sote tumefundishwa madrasa kufunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Tunasoma dua ya safari tukiwa tumeketi juu ya tairi zilizooza, halafu ajali ikitokea tunasema ilikuwa imeandikwa. Ndiyo, imeandikwa. Lakini tutaulizwa pia kuhusu zile namba ubavuni mwa tairi tulizoziona tukanyamaza.

Siku yenyewe

Yapo madogo ambayo ndiyo huharibu siku.

Bi harusi afunge mkanda. Gauni litakunjika, shela litasogea, na kuna somo na dada wa kulinyoosha mkishafika. Watoto wakae nyuma, wafungwe mikanda, wasipakatwe mbele kwenye kiti chenye mfuko wa hewa. Anayepiga video asitoe nusu ya mwili dirishani, na dereva asiwe ndiye anayepiga.

Maua yasizibe taa, namba wala vioo vya pembeni, na yasizibe mdomo wa rejeta pale mbele. Riboni pana iliyofungwa juu ya grili inazuia hewa, kisha watu wanashangaa gari kuchemka.

Wapigapicha wanapenda gari lishushwe ufukweni maji yakitoka. Picha ni nzuri kweli. Lakini Crown si ng'alawa. Inazama kwenye mchanga, na maji ya bahari yakifika kwenye diski na bushi, kutu haikawii. Simamisheni juu ya barabara, bahari ionekane nyuma. Kama mmeshaingia, basi siku hiyo hiyo oshesheni chini ya gari kwa maji baridi mengi, msingoje fungate iishe.

Baada ya fungate

Magari mengi ya harusi yanarudi chini ya mwembe wiki ya pili. Gari la baba halikurudi. Mama alimpa mdogo wetu liwe lake, na sasa anakwendea kazini. Mambo machache tuliyomfundisha, tunayasema kwenu pia.

Kwanza, kadi ya gari. Mahari ni yako, hidaya uliyopewa ni yako, na mali ya mke haiwi ya mume kwa sababu tu wamefunga ndoa. Ukipewa gari, kadi iandikwe jina lako mapema, kwa mazungumzo mazuri, wakati nyoyo bado zina furaha. Tumeona wajane na waliotalikiwa wakihangaika kwa gari walilolinunua wenyewe.

Pili, daftari. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei na jina la fundi. Mdogo wetu ana daftari la shule la kurasa 96, liko kwenye kisanduku cha dashibodi. Fundi akimwambia plagi zimekufa, anafungua ukurasa: tulibadilisha Rajabu. Mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Tatu, spea ya zamani. Mwambie fundi, kwa adabu, akurudishie kile alichokitoa. Anayefanya kazi ya haki haoni tabu. Nenda na kaka au mume kama unaona haya mara ya kwanza, lakini swali liulize wewe, kwa sababu utakayekwama barabarani na watoto ni wewe.

Nne, siku ya kuliuza ikifika, sema aibu yake. Tumesimuliwa jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyotia mkono kwenye fungu la chakula sokoni akakuta maji chini yake, na alivyomkemea muuzaji aliyeficha. Kutu iliyozibwa kwa rangi na mita iliyorudishwa nyuma ni fungu lile lile. Atakayelinunua naye ana binti.

Juzi mdogo wetu alitutumia picha. Crown imeegeshwa nje ya ofisi yake, rimu zile zile za inchi 16, moja imeparuzika ukingoni. Chini yake ameandika kuwa amepata pesa kidogo na anafikiria rimu mpya. Tukamuuliza pedi za mbele zimebaki kiasi gani. Akajibu kwamba anakwenda kuzipima Jumamosi, na kwamba tumekuwa kama mama.

Mwenyezi Mungu awatie baraka mabi harusi wetu wote, azijaalie ndoa zenu ziwe na utulivu na huruma, na awafikishe salama kila mwendako. Aamin.